Kiti cha Nyuma cha Mughwai

Haya yalimkuta rafiki yangu Mughwai, fundi wa kuchomelea vyuma pale mtaa wa Utemini. Mkewe Eliza aliumia uti wa mgongo, akawa hawezi kukaa, na kila basi lilimkataa. Mughwai akalichukua lori kuukuu la marehemu baba yake, lile ambalo injini yake iko chini ya viti, akaikata kabini na kuirefusha nyuma ili apate kiti cha kumlaza mkewe hadi hospitali Dodoma.

Alichomelea siku tisa bila kupumzika. Mchana wa siku ya kumi alipofunga mlango wa nyuma, mtu akagonga kutoka ndani. Ko, ko, ko. Akafungua. Madirisha yalikuwa bado yamezibwa kwa bati, ndani ni giza tupu. Hapakuwa na mtu. Alipopapasa kiti, sponji mpya ilikuwa imebonyea urefu wa mtu, na ina joto.

“Ningefanyaje?” aliniambia. “Eliza alikuwa anazidiwa.”

Yeye na jirani wakambeba, wakamlaza. Eliza akamnong'oneza mumewe, “Baba Gerald, mwambie huyu asogee kidogo.”

Mughwai akamuaga jirani, akawasha injini. Njia nzima, katikati ya ngurumo za injini, alisikia watu wawili wakipumua nyuma yake.