Kiluni cha Watu Wawili

Posta ya Sumbawanga ilikuwa imefurika siku ile Silvana alipokanyaga daftari la mtu. Alikuwa opereta wa simu, sweta jekundu juu ya gauni la maua, na haraka zake hazikuwa na adabu. Mwenye daftari, kijana wa Mbeya aliyevaa suruali ya bugaluu, aliinama kuliokota.

"Samahani, kaka. Hiki ni Kizungu?"

"Kiluni. Lugha yangu, nimeitunga mwenyewe."

"Ina wasemaji wangapi?"

"Mmoja."

Silvana alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Mwezi haukuisha, wasemaji wakawa wawili.

Kisha kijana huyo, Mbonile, karani wa serikali, akapelekwa kijiji cha Chala kuandikisha kaya zilizokuwa zinahamishiwa vijiji vya ujamaa. Laini ya simu ya Chala ilikuwa moja na ya kijiji cha Kate, na yeyote aliyeinua simu alisikia yote. Hapo Kiluni kikawafaa. Walibembelezana mchana kweupe, na wenye masikio yao hawakuambulia kitu.

Alhamisi moja Mbonile alipiga, akasema maneno mengi matamu, na Silvana asielewe hata moja.

"Unasema nini, bwana?"

"Nimebadilisha sarufi, mpenzi. Vitenzi vyote nimevipanga upya."

"Na nani?"

"Peke yangu!"

"Mwongo wewe! Kuna mwanamke huko unamfundisha."

"Silvana, sikiliza kwanza..."

Silvana akachomoa waya, laini ikakatika.

Wivu ulimchoma, lakini Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo iliyomkosesha raha kabisa. Shangazi Kalista, aliyemlea, alikuwa amepokea posa ya Beda, mwalimu wa Kate, na jibu lilitakiwa baada ya misa. Mbonile aliambiwa habari hiyo mara tatu. Mara zote alijibu, "Ngoja nimalize." Amalize nini, vitenzi? Siku mbili Silvana alikaa, akasimama, akakaa tena, chai ikimpoa mezani. Chala ikiita, anasema laini mbovu.

Jumamosi Chala ikaita mara ya tisa. Akachomeka.

"Usikate! Kiluni nilikitunga nikiwa mtoto mpweke, hakikujua kuzungumza na mtu. Nimekifumua ili kitutoshe sisi wawili. Nilitaka nikupose kwa hicho."

"Shangazi hajui Kiluni, Mbonile. Na sasa hata mimi sikijui."

Kwenye waya watu walisikika wakipumua.

"Basi nasema Kiswahili, anayesikia na asikie. Nakupenda, Silvana. Nataka kukuoa."

Mtu akakohoa. "Mjibu basi, mwanangu," ikasema sauti ya mama mmoja. "Huku zahanati ya Kate tunangoja laini."

Silvana alicheka na kulia kwa pamoja. "Shikamoo, mama. Nisamehe, namaliza." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Mbonile, kesho panda lori la alfajiri, uje na mshenga kabla misa haijaisha. Na kuanzia leo hubadilishi kitu bila kuniuliza."

"Ndiyo nakuuliza sasa."

"Basi nimekubali. Zahanati, semeni."