Mabuti Yasiyojua Tope

Kabla sijasimulia, nawategea. Ndugu wawili wanatumia mtungi mmoja. Anachotema wa juu, wa chini anameza. Ni nani hao? Asiyejua akae na swali lake. Mji sitaki, jibu nitalitoa mwenyewe mbele ya safari.

Asubuhi hiyo nyumbani kwa binti yangu kulikuwa shwari. Yeye alikaa kigodani akibandua kwa kisu chaza anaowafuga mtoni. Mjukuu wangu, wa miaka minne, alikuwa amepanga makombe matupu ukutani kama wanafunzi, anawafundisha kuhesabu na kuwachapa wasiojibu. Mume wa binti yangu alisimama mbele ya kioo akinyoosha beji kifuani. Na nyuma ya mlango, kwenye msumari, yalining'inia mabuti meusi ya mpira. Yashikeni mabuti hayo.

Mto wetu una vyama viwili vya kujitolea, kimoja cha watu wa juu milimani, kingine chetu huku mto unapoingia baharini. Viliungana kulinda maji. Kila Alhamisi mpimaji wa kila upande anachota maji mahali patatu, anatia dawa chupani, anatazama rangi, anaandika kitabuni. Sisi wa chini sharti tupime maji yakipwa, bahari ikishajivuta na uchafu wa mto ukabaki uchi. Maana yake uingie tope hadi magotini. Na kila mwezi vitabu viwili viwekwe meza moja, vitazamane. Mpango ni mzuri, sina neno nao. Neno langu ni kwa watu.

Mpimaji wetu alikuwa mkwe wangu huyo. Watu walimwita Bwana Beji. Kukiwa na semina, yuko mstari wa mbele kama jino la dhahabu. Picha ya pamoja haikupigwa bila shingo yake katikati. Kwa kunawiri alinawiri, kama jogoo asiyewika.

"Mume wangu," binti yangu alimwambia asubuhi hiyo, "chaza wiki hii wananuka. Wengine wamefunguka midomo kabla sijawagusa."

"Maji yamepimwa jana."

"Yakawaje?"

"Safi. Mke wa mpimaji utashindana na kitabu?"

"Sishindani. Nauliza tu, maana mtoto naye anakula hawa."

"Basi ale. Hii ni sayansi, siyo pua."

Nami nilikuwapo, nachambua mboga. Nilitaka kumwambia kwamba pua ilianza kazi kabla ya kitabu. Nikanyamaza. Mkwe ni mkwe, na mama mkwe akizidi kusema huitwa mchawi. Ukimya ule naujutia mpaka leo.

Binti yangu alichemsha chaza, akamlisha mtoto bakuli, waliobaki akawauza mtaani kama alivyouza miaka kumi na moja. Jumamosi mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa, anaharisha maji matupu. Tulipofika hospitali tulikuta wodi imejaa wanunuzi wake. Daktari akawauliza wamekula nini. Wakamwonyesha binti yangu kwa vidole.

"Umetulisha choo, mwenzetu!" akafoka mke wa fundi viatu kutoka kitandani. "Na tulikuamini!"

"Dada, mume wangu alipima!"

"Basi mwambie mumeo aje atuharishie!"

Bwana Beji alikuja jioni. Beji kifuani. Akamtazama mwanawe mwenye sindano mkononi, akasema, "Labda hukuchemsha vizuri." Wasomaji wangu, kuna maneno mtu akiyasema, hata ukuta unageuza uso.

Siku ya tatu binti yangu alirudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Aliposukuma mlango, mabuti yakaanguka, nyayo juu. Kwenye nyayo, kibandiko cha duka kilikuwa bado kimeganda, cheupe, hakina hata doa. Mabuti hayo chama kilimpa miaka miwili nyuma.  Binti yangu aliyafunga kwenye mfuko.

Vyama viliitisha mkutano wa dharura, nami nikaenda. Kutoka juu alikuja mpimaji wao, mkunga mstaafu, na kitabu chake ndani ya nailoni. Mwenyekiti akasema tuanze na utambulisho.

"Tunajuana," mkunga akamkatiza. "Miezi minne naandika kwamba magari ya kunyonya vyoo yanamwaga mtoni kwetu. Mlinijibu nini? Kwamba huku chini maji ni safi, kwa hiyo mto umejisafisha wenyewe!"

"Kitabu cha huku ndicho kilichotupa moyo," mwenyekiti akajitetea.

"Ulikiweka lini karibu na changu?"

 Kumbe kila mwezi walikutana, wakagawana fulana, wakapiga picha, wakaagana.

Binti yangu akasimama, akaweka mabuti mezani, nyayo juu. "Aliyewapa moyo ni huyu. Mume wangu, ulikuwa unachota wapi?"

"Darajani... kwa kamba."

"Mahali patatu?"

"Niliyagawa. Chupa tatu."

"Maji yakiwa yamepwa?"

"Yakiwa yamejaa. Pale ndipo... pasafi."

Bahari ikijaa, hata shimo la taka hung'aa kama ziwa! Mkunga akacheka cheko la dharau. "Miaka thelathini nimezalisha, nimeloa kila kinachomtoka binadamu. Leo ndiyo naona mwanaume anayeogopa tope!"

"Mama, nisamehe," mkwe akanigeukia mimi.

"Usiniombe mimi, baba. Nenda kamwombe aliyelala na sindano. Na hiyo beji ivue kwanza, asije akakufikiria mtu."

Mtoto alipona. Magari yalizuiwa siku vitabu vilipowekwa pamoja. Kazi ya mchana mmoja tu! Lakini chaza wote wa binti yangu waling'olewa wakafukiwa, na mpaka leo akipita na ndoo, wako wanaofunga mlango. Sasa mpimaji ni yeye. Mabuti yanampwaya, anayajazia matambara. Kibandiko kiling'oka siku ya kwanza. Bwana Beji bado hakosi mkutano: anapanga viti.

FUNZO

Ndugu wawili ni mto wa juu na mto wa chini, na mtungi wao ni maji haya haya. Umoja wa kulinda maji si fulana wala picha. Ni vitabu viwili kutazamana na miguu kuingia tope. Anayeandika "safi" bila kupima ni mbaya kuliko anayemwaga uchafu, kwa sababu huyo wa pili tungemwona, kama wa kwanza asingetufumba macho. Nanyi wanangu, pua zenu zikinusa uovu, semeni, hata kama mwovu ni mkwe. Mimi nilinyamaza, na aliyelipa ni wa miaka minne.