Nyuma ya Rafu ya Bi Muzna

Rafu haikuwa na vumbi, na hilo ndilo lililomtia shaka Khelef. Nyumba nzima ya Bi Muzna ilikuwa vumbi tupu, chokaa inamwagika darini, lakini ile rafu iliyofunika ukuta wa ukumbini iling'ara, na juu yake hapakuwekwa hata kikombe.

"Nani anaifuta?" akauliza.

"Wewe umekuja kuitathmini au kunihoji?" Bi Muzna akamjibu, akaenda kukaa mbali, karibu na mlango.

Haya. Khelef alikuwa bingwa wa samani za kale, Mji Mkongwe mzima hakuna aliyemzidi, na kwa majivuno pia hakuwa na mpinzani. Alijua hii ni rafu ya Denmaki ya miaka ya sitini, ya mbao za msaji, ile ya vipande: nguzo nyembamba zimepigiliwa ukutani, mbao na visanduku unatundika utakavyo. Wenye mahoteli wanazililia. Alitaka amalize mapema arudi Mwanakwerekwe, maana mkewe Faiza hajatoka arubaini, na mtoto wao Ridhwan, waliyempata baada ya miaka tisa ya kuhangaika, alikuwa na siku kumi na tisa tu. Mikono inafanya kazi, roho iko kule kitandani.

Akapima, akachungulia muhuri wa kiwanda, akaanza kugonga. Ndivyo kazi inavyokwenda: unatia sikio kwenye ubao, unagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, usikie kama ni mti mzima au mti mwembamba umegandishwa juu ya mwingine. Kisanduku cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu kikamgongea yeye.

Mara tatu, taratibu, kutokea upande wa ukutani.

Kisha ikaja harufu, ya udi ulioungua na chini yake kitu kibichi, kama nyama iliyosahauliwa kikapuni, na baridi ikampanda miguuni, ikapita magotini, ikafika kiunoni, na yeye kaganda vile vile, sikio liko kwenye ubao, hawezi kulitoa, na pumzi ya mtu inatoka kwenye ufa wa kisanduku inampiga shavuni, mpaka sauti nzuri, sauti ya adabu, ya mgeni aliyevaa kanzu safi, ikasema, "Hodi."

Sasa mtu wa Unguja hodi huijibu kabla hajafikiri. Ulimi umezoea tangu utotoni.

"Karibu," akasema Khelef.

Pumzi ikakatika. Harufu ikapita ubavuni pake, ikatokea mlangoni. Bi Muzna akajitanda vizuri buibui lake, akatulia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Kila alasiri anapiga hodi, na mimi nauma ulimi. Aliyemo humo hatoki ila apige hodi mwenyewe, na mtu amkaribishe."

"Nani huyo, Bi Muzna?"

"Simjui. Ila nyumba hii yangu, na mimi sikumkaribisha. Wewe uliyesema karibu, umemkaribisha wapi?"

Khelef akageuka kuutazama mlango.

"Kwako, mwanangu. Una nani nyumbani?" Na usoni mwake hamkuwa na huruma hata chembe.

Mwanamke mbaya yule, Mungu amlipe. Khelef alitoka mbio, akapanda vespa yake, akapita vichochoroni anagonga meza za watu, anatukanwa, hasikii, anamtaja Mungu na mtoto kwa pumzi moja, na njia nzima ile harufu ya udi imemtangulia, kila akiongeza mwendo nayo iko mbele.

Alimkuta Faiza kabandika mgongo ukutani, mbali na kitanda.

"Kaja mtu?"

"Hakuja mtu," Faiza akanong'ona. "Lakini mtoto halii. Nilitaka kumnyonyesha, nikamwita, Ridhwan. Akaitika naam."

"Kwa sauti gani?"

"Nzuri. Ya adabu."

Kitandani mtoto alikuwa kalala chali, kakunja mikono kifuani kama mzee anayengoja kahawa yake, anawatazama.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Muzna, na safari hii anasema kwa pupa.

"Khelef, humu nyuma ya rafu mnalia mtoto mchanga."

Kilio chenyewe kilikuwa kinapita kwenye simu, chembamba, cha njaa. Faiza akakisikia kutoka pale alipo, na maziwa yakamtiririka, yakalowesha kanga.

"Mwambie karibu," Khelef akasema. "Nakuomba, Bi Muzna, mwambie karibu."

"Nshamwambia. Nshatungua visanduku vyote, nmemkaribisha mpaka koo limenikauka, hatoki. Mpaka apige hodi yeye, Khelef, na huyu hata kusema hajui."