Koti Lililobaki Msumarini

Jioni moja, kabla duka la simu halijafungwa, fundi cherehani aliingia kununua jicho.

"Nataka kitu cha kulinda mlango wangu," alisema.

"Wezi?" muuza simu akauliza.

"Wezi wa aina fulani."

Muuza simu akabana kicheko. Mtaa mzima ulijua wivu wa fundi. Aliwahi kumhoji mkewe kwa nini jogoo wa jirani anamtazama vile.

"Chukua hii, kaka. Kamera haina waya, haitaki fundi umeme, unaibandika mwenyewe na shemeji hajui. Umeme ukikatika, yenyewe inakodoa tu. Picha zinakuja kwenye simu."

"Na ubaya wake?"

"Betri. Ikiisha, uishushe uichaji. Halafu inalala ili kutunza chaji. Inaamka ikiona kitu kinatembea, na mpaka iamke, sekunde mbili tatu za mwanzo zimekwenda."

"Sekunde tatu! Mwizi atafanya nini?"

Akafunga vifungo vya koti lake la kahawia, akaondoka.

Koti *lake*, tuseme hivyo. Mafundi mnajuana: nguo ya mteja ikikaa sana msumarini, huanza kutembea na fundi. Mwenye koti alikuwa bwana mrefu aliyeshonesha suti. Suruali aliichukua, akasema, "Koti nitalipitia Ijumaa." Ijumaa akafa. Ndugu zake wakamzika na ile suruali. Fundi akalipandisha koti mikono kwa pindo la ndani, akalivaa, akaenda kumhani mjane. Akarudi kuhani tena. Akahani, akahani, mpaka akamwoa.

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu jioni, simu ikalia juu ya cherehani. *Mwendo mlangoni.*

Kwenye picha, mkewe alikuwa kasimama mlangoni, anacheka. Akasogea pembeni, kama anayempisha mtu. Mlango ukafungwa.

Mtu mwenyewe... hakuwepo. Sekunde tatu zimemla.

Siku ya pili, vilevile. Kilichomchoma fundi ni kile kicheko. Miaka miwili ya ndoa, na kicheko kile hajawahi kukipata hata kwa mkopo.

Siku ya tatu kamera iliwahi kidogo. Ilinasa mguu mmoja ukiingia ndani.

Suruali ya kahawia. Mistari myembamba. Pindo la chini limeshonwa kwa mkono.

"Nani mwingine ana kitambaa hiki?" fundi akafoka peke yake. Akatazama mkono wa koti lake. Akatazama simu. Kitambaa kile kilitosha suti moja tu.

Moja.

Picha ikazima. Betri imekwisha.

Alikimbia na tepu shingoni. Akaing'oa kamera juu ya mlango, akaingia. Sebuleni kulinuka pasi ya moto na udongo mbichi. Mezani vikombe viwili, vyote vinafuka moshi. Mkewe alikuwa kaketi, macho yanang'aa.

"Yuko wapi?"

"Punguza sauti, baba," mkewe akanong'ona. "Vua koti."

"Nani alikuwa hapa?"

"Unamjua. Kasema vyake viwili vimebaki kwako. Akiondoka leo, ataondoka na kimoja. Nakuomba... livue tu, yaishe."

Mkono wa fundi ukagusa kifungo cha kwanza. Kisha akakikumbuka kile kicheko.

"Sivui! Nimelishona mimi!" Akafunga vifungo vyote mpaka kooni. "Na kesho nitamwona uso wake."

Akampa mkewe mgongo, akachomeka kamera kwenye chaji, akaielekeza mlangoni. Kitaa chekundu kikawaka.

Nyuma yake, kiti kikakwaruza sakafu.

Simu ikalia. *Mwendo mlangoni.*

Akaitazama simu badala ya kugeuka. Mlango ulikuwa unafungwa. Pindo la gauni la mkewe likiishia kwenye ufa. Kando yake, mguu wa suruali ya kahawia. Na kicheko.

Sekunde za mwanzo hazikuwepo.

Alipogeuka, vikombe vilikuwa bado vya moto. Nje, barabara tupu.

Ndugu wa mke walimtafuta, polisi walimtafuta. Muuza simu aliangalia ile picha mara moja, akaomba asiangalie tena.

Siku hizi, kila jioni, fundi hulitundika koti nje, chini ya kamera yenye chaji kamili. Analitoa kabisa. Mwenyewe alichukue. Amrudishie mke.

Asubuhi analikuta palepale, na kamera haikuamka hata mara moja.

Ila juzi alilivaa, na mikono ikamfunika vidole. Mapindo yamefumuliwa, yameshonwa upya kwa urefu wa yule bwana. Fundi akayasogeza dirishani. Mshono huo mdogo mdogo alimfundisha mtu mmoja tu, jioni baada ya jioni.

Ulikuwa mkono wa mkewe.