Rangi Aliyoichanganya Mwenyewe

"Baba Chiriku, bustani haitatufuata hapa nyumbani!"

"Nakuja, mama. Nasafisha brashi tu."

Mke wa Fundi Rangi alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu, kikapu mkononi. Chiriku, binti yao wa miaka sita, alikuwa akirukaruka. Walimwita jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wiki nzima alikuwa na wimbo mmoja tu: mto, mto, mto.

Fundi alibakiwa na nusu kopo ya rangi ya mafuta. Ilikuwa ya buluu. Mwenye nyumba aliyeiagiza alikuwa mgumu kuridhika. Fundi aliichanganya mara nne, akatia kijani kidogo, kisha nyeusi tone kwa tone. Sasa aliosha brashi kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaimimina thina ndani ya ile rangi, akamwaga yote kwenye mtaro wa barabarani. Mtaro ulikuwa mkavu. Rangi ikalala chini, nzito kama uji.

"Mtaro utajua pa kuipeleka," alisema, akafuta mikono harakaharaka.

Njiani mvua iliwanyeshea kidogo, ikakatika. Walipofika bustani ya mto, jua lilishatoka. Langoni walimkuta mlinzi wa bustani, mama mmoja mwenye buti za mpira.

"Karibuni. Watoto wacheze penye kina kifupi, na mtu mzima awe karibu. Taka zenu mrudi nazo."

"Na mume wangu je, nirudi naye?"

"Huyo utaamua mwenyewe, dada." Wakacheka.

Chiriku aliingia majini, maji yakamfika magotini. Fundi alikaa ukingoni. Juu yao kidogo palikuwa na bomba kubwa la saruji, likimwaga maji ya mvua mtoni.

Mara maji yale yakageuka buluu.

Mwanzoni ulikuwa uzi mwembamba. Halafu ukawa mpana kama kanga. Moyo wa fundi ulimlipuka paa! Hakuhitaji kuambiwa. Buluu ile yenye kijani kidogo, yenye nyeusi tone kwa tone, hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

"Chiriku! Toka! Toka majini!"

Mtoto aligeuka, akateleza, akazama kichwa kizima. Fundi alijitosa na viatu vyake. Alipomnyanyua, uso wa mtoto ulikuwa na mabaka ya buluu. Alikohoa, akakohoa tena, kisha akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Fundi hakuwahi kuogopa namna ile tangu azaliwe.

"Mtapisheni!" watu walipiga kelele. Mama yake alishamwinamisha.

"Msimtapishe!" Mlinzi alifika mbio. "Kwanza nijue kameza nini. Nani anaijua rangi hii? Ni ya maji au ya mafuta?"

Watu walitikisa vichwa. Fundi aliwatazama wote. Aliogopa polisi, aliogopa aibu, alimwogopa mkewe. Kisha alimsikia binti yake akivuta pumzi kwa shida.

"Ya mafuta," alisema. "Ina thina. Ni yangu mimi. Nimeimwaga mtaroni leo asubuhi."

Mkewe alimtazama kucha. Zilikuwa za buluu. Akamgeuzia mgongo, na hilo lilimuuma fundi kuliko matusi.

"Afadhali umesema," alisema mlinzi. "Thina ikimezwa, mtu hatapishwi. Ikipanda juu inaweza kuingia mapafuni. Mvueni nguo hizo. Mwosheni macho na ngozi kwa maji safi. Asukutue mdomo, ateme. Halafu hospitali, sasa hivi, na daktari mwambieni ukweli wote." Akageuka. "Watoto wote watoke majini!"

Hospitalini walimweka Chiriku chini ya uangalizi. Fundi alikaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, alisimama. Jioni waliitwa ndani.

"Baba," Chiriku alisema, "kiatu chako kimoja kiko wapi?"

Fundi alilia mbele za watu, wala hakujali.

Kesho yake alirudi kwa mlinzi.

"Dada, mimi nilidhani mtaro unapeleka maji yakasafishwe."

"Wengi hudhani hivyo. Huu ni mtaro wa mvua, hausafishi kitu. Ukimwaga mlangoni kwako, mvua inaleta hapa. Samaki niliowaokota leo, usiniulize."

"Sasa mabaki niyafanye nini?"

"Changanya rangi ya kutosha kazi tu. Ikibaki, funika kopo, mpe mwenye kazi ndogo. Thina ya kuoshea iache itulie kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto na watoto. Ile safi ya juu utaitumia tena. Matope ya chini wapelekee wanaopokea taka za sumu."

"Na adhabu yangu?"

"Ipo. Njoo na brashi zako."

Wiki ile fundi aliandika kando ya kila mtaro wa mtaa wao: MAJI HAYA YANAKWENDA MTONI. WATOTO WETU WANACHEZA HUKO. Wenzake walimtania wee, lakini hata mafundi wa gereji waliacha kumwaga oili.

Miezi mitatu baadaye familia ilirudi bustanini. Vijisamaki vilikuwa vikizunguka mbele ya bomba. Chiriku alisimama ukingoni, hakuingia.

"Baba, nionyeshe mikono."

Fundi alichuchumaa, akanyoosha mikono yote miwili. Chiriku alizikagua kucha moja moja, bila haraka, baba yake amebana pumzi.

"Haya," alisema, akavua viatu.