Kitabu cha Nyatichi Kwenye Grupu ya Kwaya

Shule zikikaribia kufunguliwa, Nyatichi hana nafasi hata ya kunywa chai. Yeye ni fundi wa nguo mjini Migori. Wazazi humletea vitambaa, naye hupima, hukata na kushona. Na mkono wake, jamani! Kola ya Nyatichi hukaa sawa hata baada ya mwaka mzima wa kufuliwa.

Ujuzi huo hakuufanyia uchoyo. Aliandika kitabu, *Shona Sare Nyumbani*, na kila mchoro aliuchora mwenyewe. Ni kitabu cha kusomwa kwenye simu. Anayekitaka hulipa, kisha Nyatichi humtumia. Sasa alikuwa ameanza kuandika cha pili, cha kushona suruali. Suruali ndiyo huwashinda wengi wanaojifunza kushona.

Siku moja mteja wake, Nyamusi, aliingia akitabasamu.

"Fundi, asante kwa kutupea kitabu. Nimekipata kwa grupu ya kwaya. Hata nimetumia dada yangu huko Karungu."

Nyatichi aliacha kukanyaga cherehani. "Kitabu gani?"

Nyamusi alimwonyesha simu. Kilikuwa kitabu chote, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Juu yake yaliandikwa maneno haya: "Wapendwa, hii ni kazi ya mke wangu. Barikiweni."

Aliyekituma alikuwa Omanga, mumewe.

Usimcheke Omanga upesi. Katika kwaya yao, wimbo mpya ukipatikana hutumwa kwa wote siku hiyo hiyo. Kukaa na kitu kizuri peke yako ni uchoyo. Omanga alijivunia mkewe, akafanya kama walivyozoea.

"Mama Linet, nilikuwa nakutangaza tu," alijitetea jioni. "Si wanasema chema chajiuza?"

"Hukukiuza, Baba Linet. Ulikigawa."

Juma halikwisha kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mtu wasiyemjua alikiweka kitabu kwenye tovuti, ambapo yeyote angeweza kukichukua bure. Alikuwa amelifuta jina la Nyatichi na kuandika lake. Nyatichi aliona michoro yake chini ya jina la mtu mwingine, akalia. Kisha alikusanya karatasi za kitabu cha suruali, akazitia kwenye mfuko, akaufunga.

"Sitaandika ingine," alisema. "Niandikie mwizi?"

Maneno hayo yalimchoma Omanga. Alikwenda kumwita jirani yao Liz, ambaye kazi yake ni kutayarisha vitabu kwa kompyuta.

"Pole sana, Mama Linet," Liz alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtungi bado uko na maji. Wacha tuuinue."

"Tuanzie wapi?" Omanga aliuliza.

"Piga picha ya huo ukurasa wa tovuti, jina la huyo mtu lionekane. Huo ni ushahidi. Halafu tutaandikia wenye tovuti. Tutawaambia kitabu ni cha nani, na tudai wakiondoe."

"Watajuaje ni changu?" Nyatichi aliuliza.

"Ile michoro ya mkono uko nayo?"

"Iko yote."

"Basi itakusaidia. Na usajili kitabu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Sheria inakulinda hata kabla ya kusajili, lakini ukiwa na cheti ni rahisi kujitetea."

"Na nikikifunga kwa nywila?"

Liz alicheka. "Watatumiana kitabu na nywila pamoja! Afadhali kila nakala iwe na jina la aliyenunua, chini ya kila ukurasa. Mtu huona haya kusambaza kitu chenye jina lake. Hakuna kufuli isiyovunjika, lakini hii inasaidia. Na wewe, Baba Linet, ukitaka kutangaza, tuma jalada na sura ya kwanza. Hapo tu!"

Mimi si mwepesi wa kusifu wanaume, lakini Omanga nampa heko. Sabato iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya kanisa lote.

"Wapendwa, kile kitabu hakikuwa changu kugawa," alisema. "Nilimkosea mke wangu. Naomba kila mtu akifute kwa simu yake. Kama ulitumia mwingine, mwambie pia afute."

Kisha Nyamusi akatoa simu yake.

"Mimi nafuta sasa, na nitaambia dada yangu. Leo ni Sabato, hatununui kitu. Lakini kesho, fundi, nakuja kununua yangu. Na jina langu liandikwe vizuri!"

Kanisa lilicheka, na Nyatichi akacheka pia.

Wenye tovuti waliiona ile michoro, wakakiondoa kitabu. Nakala chache bado zinazunguka, hilo hatulifichi. Lakini wanunuzi waliongezeka, na wengi walipenda kuona majina yao chini ya kila ukurasa. Nyatichi alifungua ule mfuko, akaendelea na suruali pale alipoachia. Leo kitabu cha pili kimetoka. Nimekisoma. Hata mimi, nisiyejua kutunga uzi, nilielewa namna ya kukata suruali.

Juzi Obare, kaka yake Omanga aliye Homa Bay, alipiga simu.

"Nasikia shemeji ametoa kitabu kingine. Si unitumie basi?"

"Nitakutumia sura ya kwanza," Omanga alijibu. "Zingine muulize mwenyewe. Kitabu ni chake."