Siku Mbili za Brigedia Wakil

Kila Jumatano, wanafunzi wa darasa la saba katika skuli moja ya Mpendae hufanya mdahalo. Wiki ile waliulizwa: je, Brigedia Wakil, aliyeongoza vikosi katika Vita vya Kagera, alistahili cheo chake? Mshindi angevishwa utepe wa mkuu wa mdahalo, na Nadra aliutaka utepe huo kuliko nguo ya sikukuu.

Yeye alipangiwa upande wa kupinga. Basi alikwenda kwa jirani yao, Mzee Kificho, aliyepigana chini ya brigedia huyo na kurudi akichechemea. Mzee alimsimulia, naye akaandika yote daftarini. Siku ya mdahalo akamwalika aje kusikiliza.

"Askari walivuka mto kwenda kupigana," Nadra alisema kwa mbwembwe, "brigedia akawafuata siku mbili baadaye. Shahidi wangu ndiye yule pale, Mzee Kificho."

Makofi yakarindima. Mzee aliinamia bakora yake, kisha akaondoka polepole. Nadra akavishwa utepe, lakini furaha yote ilikwisha pale pale. Alijua fika kwamba daftarini, chini ya maneno yale, kulikuwa na sentensi nyingine aliyoiruka makusudi.

Akamkimbilia mzee nje ya darasa, akamwamkia bila kumtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu. "Nilokwambia umeyasema. Mbona mengine umeyaacha?"

Nadra aliona haya mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi darasani, akamwomba mwalimu wao, Bi Salhiya, ruhusa ya kusema, akafungua daftari. Akasoma maneno ya mzee:

"Alichelewa kwa sababu alisubiri mpaka majeruhi wote wa mapigano ya kwanza tukapata gari ya hospitali. Mimi nilikuwa wa mwisho."

Akavua utepe, akauweka mezani. Bi Salhiya alimkabidhi utepe huo Haitham, aliyemtetea brigedia.

"Kama alistahili cheo au hakustahili, bado tunaweza kubishana," mwalimu alisema. "Lakini anayehukumu lazima aambiwe yote. Kuficha nusu ya ukweli ni kusema uongo, na njia ya mwongo ni fupi."

Nadra alitoka wa mwisho, macho chini. Langoni akamkuta Mzee Kificho amesimama juani.

"Nilidhani umeshakwenda, babu."

"Hata mie nilisubiriwa," mzee alisema, akampa mkono waende nyumbani.